Mimba ya Mama Bénite

Mjini Butembo hakuna aliyejua kwamba Jokébed ana mimba, isipokuwa muuguzi mmoja wa maternité, wodi ya wazazi, na huyo naye Jokébed alikuwa amemsihi anyamaze.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Binti yake wa pekee, Bénite, alikuwa ameolewa, naye alikuwa na mimba ya miezi sita. Kwao mama na binti hawabebi pamoja. Mama aliyekwisha kuozesha hungoja wajukuu, awaogeshe na kuwaimbia. Akionekana naye tumbo limemtoka, watu hucheka huku wamefunika mdomo kwa mkono. Kwa hiyo Jokébed alianza kufunga kikwembe, yaani kitenge, juu ya kiuno, akajitanda shali hata jua linapowaka, na kanisani akasema koo lake limeharibika, ili asisimame tena na kwaya mbele ya watu.

Muuguzi ndiye aliyemshauri aende Beni.

"Mama Bénite, miaka imeshasogea," alimwambia. "Kule Beni kuko docteur mwenye iko na mashine ya écho, ya kuona ndani ya tumbo. Aangalie mutoto."

"Aangalie nini?"

"Mama akikuwa mukubwa, batoto bengine banazaliwa na akili ya kuchelewa. Docteur anaweza kuona alama mapema. Ukitaka kujua, enda. Usipotaka, hakuna mutu atakulazimisha."

Alitaka kujua. Tena alikuwa na jambo moyoni ambalo hakulitamka hata katika sala: daktari akiona alama mbaya, atatafuta njia mimba iishie hukohuko Beni, kisha arudi Butembo na tumbo lake la kawaida, na dunia isijue kitu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa elfu mbili na tatu, vita ikiwa bado inawasukuma watu kutoka upande wa Ituri. Mumewe, Kahongya, alikuwa amekaa Beni miezi mitatu. Alituma salamu kwamba kahawa yake imekwama na hawezi kuiacha. Lakini wanawake wanaoleta mafuta ya mawese kutoka kule walisema habari nyingine: Papa Bénite amepanga nyumba katika mtaa wa Ruwenzori, na ndani kuna mwanamke anayempikia. Jokébed alizisikia habari hizo akatabasamu, akawapa wanawake hao viti na chai. Walipoondoka alilia juu ya sinia.

Njiani gari lilisimamishwa kwenye barrière, kizuizi cha askari. Askari mmoja kijana aliwashusha abiria wote, akawataka wanawake watoe mashali, asije mtu akaficha bunduki. Jokébed alipoliondoa la kwake, askari yule akamwita mwenzake kwa Kilingala.

"Tala, mama mobange azali na zemi."

Wakacheka. Hivyo mimba ya Jokébed ilitangazwa kwa mara ya kwanza na askari asiyemjua, barabarani, kwamba mama mzee ana tumbo. Abiria wenzake wakatazama pembeni kwa adabu, na adabu hiyo ikamuumiza kuliko kicheko.

Alipofika Beni hakumtafuta mumewe. Alikwenda moja kwa moja hospitali, akaketi kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari, akajifunika vizuri.

Mtu mmoja mfupi na mnene akaja kuketi karibu naye. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Uso wake ulikuwa wa duara, macho madogo yaliyoinuka pembeni, na ulimi ulichungulia kidogo mdomoni. Ukitazama uso ungesema ni mtoto; ukitazama nywele, zilikuwa na mvi. Alikohoa kwa nguvu, kisha akamgeukia.

"Jambo, mama."

"Jambo."

Ncha ya shali la Jokébed ilikuwa imeanguka chini. Yule mtu akainama, akaiokota, akaikung'uta na kuiweka juu ya goti lake polepole.

"Itachafuka," akasema, akamchekea.

Jokébed alitaka kushukuru, lakini hapohapo alimwona Kahongya.

Alikuwa amesimama mbali kidogo, karibu na ukuta, kofia mkononi, kama mtu anayengoja mvua ipite. Amekonda. Kola ya koti lake ilikuwa imekunjwa vibaya upande mmoja, na vidole vya Jokébed vikatamani kuinyoosha. Walikuwa na miaka ishirini na mitatu ya ndoa, na bado akimwona ghafla namna hii kitu kilimpanda kifuani kama siku ile alipomwona akiimba sauti ya chini kwenye arusi ya watu wengine. Akasahau yule mwanamke wa Ruwenzori, akasahau hata tumbo. Alitaka tu ageuke amwone.

Mlango ukafunguka. Muuguzi akatoka.

"Vagheni. Nani analeta Vagheni?"

Yule mtu mnene akainua mkono, akamwonyesha Kahongya kule ukutani. "Yaya," akasema, kama mtu anavyomwita kaka yake.

Benchi zima likageuka.

"Papa, ni mudogo wako?" akauliza muuguzi.

Kahongya akavaa kofia, akaivua tena. "Hapana," akasema. "Mimi ni jirani. Bantu ba kwabo balinituma tu nimulete."

Vagheni akacheka kwa furaha, kama mtu anayesikia mzaha wa nyumbani. "Yaya," akarudia.

Macho ya Kahongya yalipita kwenye benchi, mtu mmoja baada ya mwingine, yakaangukia uso wa mke wake.

Jokébed akasimama. Shali likateleza, naye hakulishika. Kahongya akatazama tumbo, akatazama uso, kisha akatazama chini.

"Mama Bénite," akasema.

"Papa Bénite."

"Tumbo hii…"

"Ulipoondoka ilikuwa ndani. Miye mwenyewe sikukuwa najua."

"Haukunitumia hata neno."

"Nilisikia haya. Bénite iko na yake. Na wewe, huyu ni jirani ya wapi?"

Kahongya alisogea karibu. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo hata watu wa benchi wakanyoosha shingo.

"Ni mudogo wangu. Ya tumbo moja."

Jokébed alisikia moto ukimpanda shingoni. Aliona muuguzi anavyomtazama mumewe, mwanamume mwenye koti zuri aliyemkana ndugu yake mbele ya wagonjwa, na aibu ile ikamshika kana kwamba ni yeye aliyesema.

Dokta Ananie, daktari wa mashine ile, alimsikiliza Vagheni kifua akamwandikia dawa ya kikohozi. Kisha akamwita Jokébed. Kahongya akamfuata ndani, na Vagheni, aliyekuwa ameshika upindo wa koti la kaka yake, hakukubali kuachwa nje.

Kwenye kioo kukatokea vivuli. Daktari akaonyesha kwa kidole.

"Huu ni moyo."

"Anakimbia," akasema Vagheni.

Jokébed aligeuza kichwa kwenye mto ili aone. Kweli ulikuwa unakimbia. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuja kutafuta alama, na sasa alikuwa anatazama mtu.

Daktari alipima, akafuta, akapima tena. Alichukua muda.

"Mama, ngozi ya nyuma ya shingo naiona nene. Inaweza kuwa hakuna kitu. Inaweza pia kuwa alama ya trisomie."

"Hiyo ni nini?"

Daktari akafungua mdomo. Macho yake yakaenda kwa Vagheni, aliyekuwa ameinama karibu na kioo, naye daktari akaufunga.

"Ni mutoto mwenye… anachelewa kidogo kwa akili, na sura yake…"

"Sura ya huyu," akasema Jokébed.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Vagheni peke yake ndiye aliyekuwa na raha. Alikuwa anafuata ule moyo kwa kidole bila kugusa kioo.

"Docteur," akauliza Kahongya, "inatoka ku damu ya kwetu?"

"Mara mingi hapana. Kwa kawaida haifuati jamaa. Ni miaka ya mama njo inaongeza hatari."

Kahongya akashusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, na Jokébed, akiwa amelala pale tumbo wazi, aliisikia yote.

Daktari akaeleza yaliyobaki. Ili kujua kwa hakika, inabidi kwenda Nairobi. Kule wanachoma sindano tumboni na kuvuta maji kidogo anamoogelea mtoto. Wengine mimba hutoka kwa sababu ya sindano hiyo. Si wengi, lakini wapo. "Jibu likikuja, ni nyiye muamue cha kufanya nalo," alisema. "Na kama hamutaki sindano, murudi huku mimba ikikomaa, tuangalie moyo na écho. Batoto ba namna hii, bengine moyo unakuwa na kasoro. Ni muzuri kujua mapema, tuchague fasi ya kuzalia."

Wakatoka kuelekea mtaa wa Ruwenzori. Vagheni alitembea katikati yao, akiwasalimu watu wote.

Mwanamke wa Ruwenzori alikuwa Berthe, dada mkubwa wa Kahongya. Jokébed alipomwona mlangoni na mwiko mkononi, alipata nafuu, kisha akaona haya kwa yale aliyokuwa amemwazia mumewe. Berthe alikuwa amekimbia kwao Eringeti na Vagheni wakati risasi zilipokaribia, na ni wao, kuliko kahawa, waliomweka Kahongya Beni. Yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao afe. Mara chache Jokébed alipokuwa akienda Eringeti kusalimia wakwe, Berthe alimpeleka Vagheni shambani kabla mgeni hajafika.

Walikula bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Vagheni alipomaliza akatoka uani kuchagua kahawa. Kahongya akamweleza dada yake maneno ya daktari. Jokébed alidhani Berthe atalaani hospitali na mashine zake. Berthe akanawa mikono kwanza.

"Muende Nairobi," akasema.

"Dada," akasema Kahongya.

"Muende. Na wakisema ni wa hivi, waitoe. Mimi nilimukosesha huyu jua miaka yote, juu ya kulinda sura yenu. Bageni bakikuya, shambani. Arusi yako, shambani. Kilio cha mama, alikuwa shambani, alisikia nyimbo tu. Nimechoka kuficha mutu. Hapana munizalie mwengine wa kuficha." Akamtazama Jokébed bila ukali. "Nawe wifi, na binti yako iko na tumbo. Butembo watasema nini?"

Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyoyasema moyoni majuma mengi, sasa ameyasikia kwa mdomo wa mwingine, na yalikuwa yananuka.

Jua lilipopungua ukali, Kahongya alimpelekea kiti nyuma ya nyumba. Yeye alikaa kwenye jiwe. Muda mrefu alichokonoa udongo kwa kijiti.

"Uliposema jirani," akaanza Jokébed, "nilitamani ardhi inimeze."

"Najua."

"Miaka ishirini na mitatu, Gamaliel."

Alikuwa amemwita kwa jina la ubatizo, ambalo hulitumia wakiwa wawili peke yao. Kahongya akainua uso.

"Baba yako njo aliuliza," akasema. "Siku ya kutoa mahari. Aliuliza baba mukubwa wangu: kwenu kuko ugonjwa gani? Baba mukubwa akajibu, hakuna. Nilikuwa nimeketi pale. Ningeweza kusema. Lakini nilikuangalia, ulikuwa umesimama ku mulango na sahani, umevaa kikwembe ya njano. Nikawaza, nikisema, baba yako ataninyima huyu. Nikanyamaza. Kisha kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kusema kuliko mwaka wenye ulipita."

Jokébed alifunga macho. Alikuwa amependwa na mtu huyu kiasi cha kuuza ndugu yake, na hakujua afurahi au alie. Baya zaidi, alijiuliza kama angemkubali siku ile angejua. Jibu lililokuja hakulipenda.

"Na leo, docteur aliposema ni juu ya miaka yangu, ulipumua," akasema.

Kahongya hakukana. "Nilipumua. Nisamehe. Nilisikia haya ile ile saa."

"Umeniachia mimi muzigo."

"Ndiyo."

Lile "ndiyo" la wazi likampunguzia hasira. Akavuta pumzi.

"Na mimi niko na yangu," akasema. "Hapana kwamba nilikuya kupima tu. Nilikuya nikiwaza, docteur akiona kitu kibaya, niitoe huku, nirudi nyumbani. Wewe usijue, Bénite asijue. Ningekuficha mutoto wako kama ulivyonificha mudogo wako."

Kwa mara ya kwanza siku ile waliangaliana bila mmoja kukwepa. Macho ya mumewe yalikuwa mekundu. Yalikuwa macho yaleyale.

"Twende Nairobi?" akauliza Kahongya.

"Sindano ikisema ndiyo, utafanya nini?"

Kahongya alifikiri. "Sijue. Nikisema najua, nadanganya."

"Na mimi sijue. Njo maana naogopa. Nikijiangalia vizuri, naona nitaenda kule kutafuta ruhusa, si kutafuta jibu. Mwengine anaweza kwenda na roho safi, ajue ajiandae. Mimi leo sina hiyo roho."

"Basi?"

"Sindano hapana. Écho ya moyo tutarudia, vile docteur alisema. Na Vagheni tunamupeleka Butembo. Na dada Berthe pia, apumuzike."

"Watu wataongea, Joké."

"Wataongea juu ya tumbo yangu pia. Utatembea na mimi, ao utasema ni mama wa jirani?"

Alisema kwa upole, lakini ilimchoma. Kahongya akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika. Jokébed hakumnyamazisha. Alisogeza kiti mpaka goti lake likagusa bega la mumewe, akanyoosha ile kola iliyokunjika, akauacha mkono shingoni mwake hadi alipotulia.

"Naweza kugusa?" akauliza Kahongya.

Jokébed akauchukua mkono wake, akauweka tumboni. Wakakaa hivyo mpaka Berthe alipowaita.

Walisafiri siku iliyofuata, wote wanne, katika gari la wauza chumvi. Jokébed alilikunja shali lake akalikalia. Vagheni hakuwa amewahi kuona mji mkubwa hivi. Walipoingia Butembo alizitazama pikipiki zinavyopita huku na huku, akamshika Berthe mkono, na Berthe, aliyekuwa hajalala vizuri tangu Eringeti, akasinzia begani mwake.

Bénite alikuwa uani kwa mama yake, amekuja kumwagilia mboga. Alisimama na ndoo. Kwanza aliona tumbo la mama yake. Alilitazama, akalitazama lake, midomo ikaachana. Kisha akaona yule mtu anayeshuka kwa kusaidiwa.

Kahongya akaja mbele. Jokébed aliona anavyokaza taya.

"Bénite, huyu ni baba yako mudogo. Jina lake Vagheni."

"Baba mudogo wa wapi?"

"Mudogo wangu. Mama moja, baba moja."

Bénite aliutazama uso wa Vagheni, na mikono yake ikashuka yenyewe, ikakumbatia tumbo lake. Wote waliiona ile mikono. Kahongya akainamisha kichwa.

"Docteur alisema haifuati jamaa," akasema Jokébed haraka. "Mwanangu, usiogope. Ni mimi mwenye…"

"Muko naye tangu wakati gani?"

"Tangu azaliwe," akajibu baba yake.

"Na mimi niliolewa, nikashika mimba, na hamukuniambia."

"Hatukukuambia. Mama yako hakujua. Ni mimi."

Bénite akaweka ndoo chini, akaingia nyumbani. Walibaki wamesimama. Majirani wawili waliokuwa wakipita njiani walipunguza mwendo, wakamtazama Jokébed tumbo lake, wakamtazama Vagheni, wakasalimu, wakasimama kabisa. Kahongya aliwajibu salamu. Kisha, kwa sauti iliyokwama katikati, akawaambia huyu ni mdogo wake, ametoka Eringeti, atakaa hapa.

Bénite akatoka amebeba viti viwili, macho yamevimba. Kimoja akakiweka kivulini, akakipangusa kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Baba mudogo, ikaa."

Vagheni akaketi, akamshukuru. Kiti cha pili akampa Berthe.

"Nyiye mungoje," akawaambia wazazi wake. "Viti vyenu nitaleta nikimaliza kulia."

Akarudi ndani. Jokébed na Kahongya wakangoja palepale uani, mbele za watu, bega kwa bega.